Usukani kwanza, kunyanyua baadaye: jibu kwa dereva wa Karatu mwenye Land Cruiser 79

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu. Nimenunua Land Cruiser pikapu, HZJ79 ya mwaka 2004, injini 1HZ. Mwenye gari wa kwanza alifunga ngao ya chuma na winchi mbele. Mimi nimeongeza bodi la kambi nyuma, tangi la pili la dizeli na hema la juu. Mbele limelala. Nikifika kilomita 80 kwa saa linatangatanga, lazima nishike usukani kwa mikono miwili. Mara mbili limetetemeka vibaya baada ya kugonga kiungo cha daraja, mpaka nikasimama. Fundi wangu anashauri ninyanyue inchi 4, niweke matairi makubwa na shokapu nene ya usukani. Fedha niliyonayo haitoshi vyote kwa pamoja. Nianze na kipi? Na hizo inchi 4 zinafaa kwa njia za Natron na Serengeti? Na tairodi nene za chuma kigumu, ni za lazima?"

Marahaba kijana wangu. Anza na usukani. Kunyanyua kuje baadaye, na kusizidi sentimita 5, yaani inchi 2. Shokapu nene ya usukani usinunue kwa sasa. Nitakueleza sababu moja moja, lakini kwanza nikwambie kwamba barua yako imenitia wasiwasi. Gari linalotetemeka mpaka dereva anasimama lifunguliwe mbele wiki hii, kabla hujapakia mgeni mwingine.

Mtetemo huo unatokana na ulegevu. Gari lako lina ekseli ya mbele ya kipande kimoja, na magurudumu mawili yameunganishwa na tairodi, ile fimbo inayoyageuza kwa pamoja. Gurudumu moja likipigwa, linalisukuma la pili, la pili linarudisha, na kama kuna nafasi mahali fulani katika mnyororo huo, msukumo unakua badala ya kufa. Usukani unakuponyoka mikononi, gari lote linatikisika, na hakuna kinachouzima isipokuwa kupunguza mwendo. Shokapu ya usukani, hata ingekuwa nene kama mkono wa mtu mzima, inaficha ulegevu kwa muda tu. Inakupa miezi mitatu minne ya kuamini umepona, na wakati huo kilicholegea kinaendelea kulika.

Kwa hiyo anza hivi. Gari likae mahali tambarare, magurudumu yote yakikanyaga chini, kabari zikiwa zimewekwa nyuma na mbele ya tairi. Washa injini ili stelingi iwe nyepesi. Mwenzako akae ndani, awe anazungusha usukani kushoto na kulia, robo ya mzunguko tu, polepole na bila kuacha. Wewe ingia chini. Kwenye kila kiungo cha tairodi weka vidole viwili, kimoja kwenye kichwa cha rodi na kingine kwenye mkono ambao rodi imefungwa. Kiungo kikiwa kizima, vidole vyote viwili vinakwenda pamoja. Kikiwa kimekwisha, kimoja kinaanza safari kabla ya kingine. Macho yanaweza kukudanganya hapo, maana kuna vumbi, grisi na kivuli, lakini vidole havidanganyi.

Ukimaliza viungo vya tairodi, nenda kwenye rodi ya Panhard, ile inayotoka kwenye chesesi upande mmoja hadi kwenye ekseli upande wa pili. Kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kushoto na kulia. Mwenzako anapozungusha usukani, tazama bushi zake mbili. Ukiona chesesi inasogea pembeni kwanza, ndipo magurudumu yanafuata, bushi zimekwisha au tundu la bolti limepanuka. Watu wengi wanabadilisha viungo vyote vinne vya tairodi na kuisahau rodi hii, halafu wanashangaa mtetemo uko palepale. Tazama pia boksi la stelingi lenyewe. Kama linacheza kwenye chesesi, kaza bolti zake kwa kipimo, na uifute chesesi kwa dizeli na kitambaa mahali boksi linapokaa, utafute nyufa. Ile skrubu ya juu ya boksi isikazwe ovyo. Mafundi wengi wanaikaza ili kuondoa ulegevu wa usukani, kumbe ulegevu uko kwenye viungo. Matokeo yake usukani unakuwa mgumu katikati na meno ya ndani yanaliwa.

Halafu nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Kama kuna mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki uangalie tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile mbili ndogo za juu na chini ambazo kichwa chote cha ekseli hugeukia juu yake.

Kwa dalili ulizotaja, mimi nazitilia shaka kingipini kuliko kitu kingine. Niliwahi kuletewa gari la aina hii ambalo lilikuwa limebadilishwa shokapu za usukani tatu. Tulipofungua kichwa cha ekseli na kutoa beringi ya chini, nikaifuta ile pete yake kwa kitambaa na kuielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa na mistari, mmoja kwa kila roli, imechimbwa kwenye chuma kama mtu ameichora kwa ncha ya patasi. Gari linalokwenda siku nzima kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, linakwenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo roli zimekaa mahali palepale zikigongwa maelfu ya mara, mpaka zimejitengenezea vitanda. Baada ya hapo usukani unapopita katikati roli zinadumbukia na kutoka, zinadumbukia na kutoka. Ukipitisha kucha juu ya pete utaisikia mistari hiyo. Dawa ni beringi mpya, sili mpya, na kuzibana kwa shimu, yaani vibati vyembamba, mpaka kichwa cha ekseli kigeuke kwa uzito unaotakiwa. Uzito huo hupimwa kwa mizani ya ndoano tairodi ikiwa imefunguliwa, na namba yake iko kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako. Usikubali fundi akadirie kwa mkono. Kwa kuwa mmeshafika huko ndani, safisheni na mjaze grisi mpya kwenye jointi za shafti.

Hayo yakikamilika, nusu ya tatizo lako imekwisha na hujanunua hata springi moja. Nusu ya pili ni kule kutangatanga, na hapo ndipo habari ya kunyanyua inapoingia.

Tazama baiskeli. Uma wake wa mbele haukusimama wima, umelala kuelekea nyuma, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kuweza kuachia mikono kwenye mteremko na baiskeli ikashika njia. Ekseli ya gari lako nayo imelazwa hivyo hivyo. Mafundi tunaita kasta. Kwenye Land Cruiser za familia hii zenye springi za koili mbele, kasta ya kiwandani ni nyuzi 3 hivi. Zikipungua, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linafuata kila mfereji wa barabara. Hali hiyo inafanana na uliyoniandikia.

Sasa fikiria ekseli ilivyoshikwa. Mikono miwili mirefu imefungwa kwenye chesesi kwa nyuma, na kwa mbele kila mmoja umeibana ekseli kwa bolti mbili. Ukinyanyua chesesi, mikono inainama, na kwa sababu imeibana ekseli, ekseli yote inazunguka kwenda mbele. Kila inchi unayopanda unapoteza takriban nyuzi 1 ya kasta. Ukipanda inchi 2, kutoka 3 unabaki na 1. Ukipanda inchi 4 unafika chini ya sifuri, uma wa baiskeli unakuwa umelalia mbele. Fundi wako anataka kukupandisha inchi 4 gari ambalo tayari halishiki njia. Sisemi ana nia mbaya. Amezoea kuangalia kimo. Ila mwulize swali moja tu: kasta utairudishaje? Asipokuwa na jibu, usimwachie ufunguo.

Kwa inchi 2 jibu lipo na si ghali: bushi za kasta, ambazo tundu lake haliko katikati. Zinapigwa kwa presi kwenye mikono, mahali zilipokuwa bushi za kawaida, na zinakurudishia nyuzi 2 au zaidi kidogo. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Tundu lielekee upande unaotakiwa, maana bushi ikigeuzwa itaondoa kasta badala ya kuongeza, na nimeona hilo likitokea kwenye gereji yenye vifaa vyote. Weka alama ya rangi kabla ya kupiga presi. La pili, ukiirudisha kasta, pua ya difu inashuka kidogo, na pembe ya propela ya mbele inabadilika. Bahati yako ni kwamba magurudumu yako ya mbele yana habu za kufunga na kufungua, hivyo ukizifungua, lami yote ya Makuyuni hadi Karatu propela ya mbele imetulia. Kwenye matope, mwendo ni mdogo na hutasikia kitu. Mwenye gari linalovuta magurudumu manne muda wote hana nafuu hiyo.

Kwa inchi 4 bushi hazitoshi. Utahitaji mabano ya kushusha mikono au mikono mipya, au kukata vichwa vya ekseli na kuvichomelea upya kwa pembe nyingine, kazi ya mtu mwenye jigi (fremu ya kushikilia vipande kwa pembe sahihi) na uzoefu, ambayo mimi singemruhusu mtu kuifanya kwenye ekseli yangu akiwa na mashine ya kuchomelea na jicho peke yake. Rodi ya Panhard nayo lazima irefushwe, shokapu ziwe ndefu zaidi, mipira ya breki iwe mirefu, stebilaiza ishushwe, propela ya nyuma iangaliwe. Hiyo ndiyo bei halisi ya inchi 4, na haimo kwenye boksi la springi unaloonyeshwa dukani.

Je, utapata nini barabarani kwa gharama hiyo? Kidogo sana. Kunyanyua springi kunanyanyua chesesi, bodi na tumbo la giaboksi. Difu haipandi hata milimita moja, kwa sababu imo ndani ya ekseli na ekseli imekalia matairi. Kwenye njia ya Natron, yaani Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngaresero, kinachogonga jiwe la katikati ni difu. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya tofauti ya kimo. Tairi la 7.50R16, ambalo pikapu nyingi za 79 zilikuja nalo, lina kimo cha milimita 806 hivi. Ukiweka 285/75R16 unapata 834. Tofauti ni 28, difu inapanda 14. Sentimita moja na nusu haijai, na kwa faida hiyo ndogo unalipa kwa usukani mzito, tairi kusugua mikono ya ekseli ukikata kona yote, na spidi mita kukudanganya: ikisoma 80 unakwenda karibu 83. Injini ya 1HZ haina tabo. Ukipanda na mzigo kuelekea ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa imepungua na tayari unatafuta gia ya chini. Tairi kubwa linakula nguvu iliyobaki.

Ushauri wangu kwa matairi ni kubaki na wembamba. Kwenye ule udongo mweusi wa Ndutu mvua ikinyesha, tairi jembamba linakata tope na kutafuta pagumu. Pana linaelea na kuteleza, halafu linajaa udongo mpaka linakuwa kama ngoma. 7.50R16 zinapatikana kila mji, na kila mziba pancha anazijua. Ukitaka za kisasa zaidi kwenye rimu ya kipande kimoja, 235/85R16 ina kimo kilekile.

Sasa tuje kwenye springi zenyewe. Umesema mbele limelala. Springi za kiwandani zilipimwa kwa gari lisilo na ngao wala winchi. Ngao ya chuma na winchi yake ni kama kilo 100, na zimening'inia mbele ya ekseli kabisa. Springi zimekaa chini ya mzigo huo kwa miaka. Kwa hiyo chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madgadi juu yake, magurudumu yote manne, uandike. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi utakuharibia hesabu.

Kisha nenda kwenye mizani. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na kwangu mimi ndiyo inayoamua kazi yote. Tafuta mizani ya magari, ya ghala la nafaka kwa mfano, uende ukiwa umepakia kama unavyosafiri: dizeli full, maji, hema, majiko, wewe na mwenzako, na kama una wageni, makadirio ya uzito wao kwa magunia. Weka magurudumu ya mbele tu kwenye mizani, andika. Sogea, weka ya nyuma tu, andika. Gari lenyewe tupu ni karibu tani 2. Tangi lako la pili, kama ni la lita 90, likijaa dizeli ni kilo 75. Lita 60 za maji ni kilo 60. Hema la juu kilo 50 hadi 70, tena juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Bodi la chuma sijui mchomeleaji wako alitumia bati la unene gani, ndiyo maana nataka mizani iseme. Jumla yake ilinganishe na uzito wa juu uliopigwa kwenye bamba la gari. Kama umezidi, hakuna springi itakayoihalalisha; toa mzigo.

Watengenezaji wanaojulikana, kama Old Man Emu wa Australia, hupanga springi kwa uzito wa kudumu, yaani uzito ambao gari haliuvui. Mbele kuna ya gari lisilo na kitu, na ya gari lenye ngao na winchi. Nyuma ni vivyo hivyo, kuna za mzigo wa kudumu wa kilo mia mbili tatu na kuna za mzigo mkubwa zaidi. Ukinunua ngumu kuliko mzigo wako, gari litapanda vizuri kwenye picha lakini litakuwa linaruka juu ya rasta kama debe, matairi hayakanyagi, breki hazishiki, na wageni wanashuka wameshika kiuno. Ukinunua laini, litalala baada ya msimu mmoja. Chagua kwa uzito, kimo kitakuja chenyewe, na mara nyingi kitakuwa zile zile sentimita 4 au 5. Kumbuka tu kwamba "inchi 2" za mtengenezaji zinahesabiwa kutoka kimo cha kiwandani. Kama mbele yako imelala sentimita 3, utaona imepanda 8 kutoka ilipo leo. Usishtuke.

Nyuma una springi za mabamba. Badilisha fungu zima. Kuongeza bamba moja nene kwenye fungu lililochoka kunafanya bamba hilo libebe kila kitu na kuvunja mengine. Sheko ndefu (vile vipande vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesesi) nazo achana nazo: sheko iliyoongezwa sentimita 10 inakupa 5 tu, inageuza pua ya difu juu, na nyuma ya gari inaanza kuyumba pembeni. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila mara springi zinapofunguliwa. (Wasomaji wenye HZJ75 ya zamani, yenye mabamba mbele na nyuma: kwenu kasta hurekebishwa kwa kabari ya chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli. Bushi nilizozitaja haziwahusu.)

Shokapu zinunuliwe pamoja na springi, za urefu unaolingana na kimo kipya. Kwenye rasta za Serengeti, kati ya lango la Naabi na Seronera, shokapu inafanya kazi maelfu ya mara bila kupumzika, mafuta ndani yake yanapata moto sana, na baada ya saa moja gari linaanza kuelea. Shokapu yenye mwili mnene na mafuta mengi inachelewa kufika huko. Hapo usibanie fedha. Na ushushe upepo wa tairi uingiapo kwenye rasta. Ni bure, na shokapu zitakushukuru.

Siku ya kufunga, mwombe fundi akuruhusu uwepo, uangalie mambo machache.

Bushi za mpira, za mikono, za Panhard na za springi za nyuma, zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya stendi na ekseli ikining'inia, mpira unashikwa ukiwa katika mkao wa kuning'inia, na gari likishuka unakuwa umesokotwa muda wote. Bushi za miaka mitano zinakufa kwa miezi sita. Na Panhard ikazwe mwisho, usukani ukiwa umenyooka.

Kabla ya kuondoa jeki, acha ekseli ishuke upande mmoja hadi mwisho na upande mwingine uinuke, halafu ushike kila mpira wa breki kwa mkono. Uwe na ulegevu. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Nikiwa fundi kijana nilinyanyua gari la tajiri wangu sentimita 10 na sikuangalia mpira wa katikati nyuma. Uwanjani breki zilikuwa safi. Kwenye korongo gurudumu moja likaning'inia, mpira ukavutika ukapasuka kwenye shingo yake, pale unapoingia kwenye nati, na pedali ikashuka mpaka sakafuni. Tulikuwa mwendo wa mguu na mbele yetu kulikuwa na mchanga, ndiyo maana tulipona. Tangu siku hiyo nashika mipira yote kwa mkono wangu, hata kazi ikiwa imefanywa na mtu ninayemwamini.

Nyuma, juu ya ekseli, kuna valvu ya breki yenye fimbo ndefu iliyounganishwa na ekseli. Inahisi mzigo: gari likiwa limepakia, chesesi inashuka, fimbo inapanda, valvu inaruhusu breki nyingi nyuma. Ukinyanyua gari, fimbo inashuka na valvu inadhani umesafiri mtupu, inabania breki za nyuma wakati una tani ya mzigo. Kibano cha fimbo hiyo kipandishwe kwa kiasi kile kile gari lilichopanda. Waulize mafundi watano kuhusu valvu hii; utaona ni wangapi waliwahi kuigusa.

Kisha ekseli ya mbele. Rodi ya Panhard ina urefu usiobadilika, kwa hiyo gari likipanda inaivuta ekseli upande mmoja. Funga nati kwenye uzi, ishushe kutoka ukingo wa madgadi kila upande, pima umbali hadi ubavu wa tairi. Kwa sentimita 5 kawaida ni milimita chache, na mimi huziacha. Zikizidi sentimita moja, nunua rodi ya kurekebika. Usikubali kushushiwa Panhard peke yake kwa bano bila kushusha rodi ndefu inayotoka kwenye boksi la stelingi. Hizo mbili lazima zilale kwa pembe inayolingana. Zikitofautiana, kila shimo litageuza usukani bila ya wewe kutaka.

Usukani wenyewe utakuta umekaa upande baada ya kupanda. Hiyo ni kawaida. Unyooshwe kwa kuzungusha kirekebishi cha rodi hiyo hiyo ndefu. Usichomolewe kwenye meno yake na kurudishwa, kwa maana boksi litakuwa halifanyi kazi katikati yake.

Mwisho nenda kwenye wheel alignment na ulipie hata kama wanakuambia ekseli ya hivi haina cha kurekebisha. Unachotaka ni karatasi. Kasta isome kati ya 2.5 na 4, kushoto na kulia zikikaribiana. Too, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu, irekebishwe kwenye tairodi. Kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje likitazamwa kutoka mbele, haibadiliki kwa kunyanyua ekseli ya kipande kimoja, hivyo karatasi ikionyesha kemba imetoka, kuna beringi iliyolegea au nyumba ya ekseli imepinda, na hilo ni bora ulijue kabla ya msimu. Kwa kweli ningependa upime kasta leo, kabla ya kugusa chochote. Mbele kulikolala kunapaswa kuonyesha kasta ya kutosha, na ikiwa iko chini, huenda mwenye gari wa kwanza aliweka bushi zilizogeuzwa au mikono imepinda.

Umeulizia pia tairodi nene za chuma kigumu. Kwa njia zako sizioni kuwa za lazima. Rodi ya kiwandani ikigonga jiwe inapinda, na ukiwa na nyundo na gogo unaweza kuinyoosha ukafika kambini. Rodi isiyopinda inapeleka pigo kwenye kichwa cha ekseli au kwenye boksi, na hivyo havinyooshwi kwa gogo. Nunua vichwa vya tairodi vya ubora, ubebe kimoja cha akiba pamoja na pini zake, na ubadilishe mafuta ya stelingi kama yamekuwa meusi. Ni ATF ya Dexron. Shokapu ya usukani, ikiwa inavuja, weka mpya ya ukubwa wa kawaida baada ya ulegevu wote kuondoka.

Kwa fedha yako, basi: mwezi huu kingipini, viungo, bushi za Panhard na mizani. Safari moja au mbili uone gari linavyoshika njia. Halafu springi na shokapu zote nne pamoja na bushi za kasta, siku moja, kwa fundi mmoja. Baada ya kilomita 500 rudi ukaze yubolti, bolti za mikono na Panhard, maana springi mpya zinajikalia na kila kitu kinalegea kidogo.

Ukishapima, niandikie namba tatu: kilo za mbele, kilo za nyuma, na kasta ya leo. Nikiziona hizo nitakwambia daraja la springi la kununua, mbele na nyuma.